“Usiogope” Si Jibu: Mgonjwa wa Kisukari Aelezwe Leza Inavyofanya Kazi

Mgonjwa wa kisukari anapoambiwa kwamba macho yake yanahitaji tiba ya leza, maswali anayouliza hutofautiana kidogo sana kati ya mtu na mtu. Je, hiyo ni mionzi? Itabaki mwilini? Haitanipofusha? Nitaona kama zamani? Katika kliniki yenye msongamano, jibu lililo jepesi kutolewa ni neno moja: usiogope. Neno hilo lina huruma ndani yake, lakini halimpi mgonjwa kitu cha kushika. Huenda nalo nyumbani, akakutana na jirani mwenye habari za mtu aliyechomwa leza akapofuka, na siku ya miadi asionekane.

Hoja ya makala haya ni kwamba kumweleza mgonjwa namna leza inavyofanya kazi ni sehemu ya tiba yenyewe, kama ilivyo dawa ya kupanua mboni inayotiwa jichoni kabla ya kuanza. Maelezo hayo hayahitaji hesabu ngumu. Yanasimama juu ya mambo mawili: namna mata inavyoufyonza mwanga na namna inavyoutoa. Mhudumu wa afya anayeyaelewa mambo hayo anaweza kuyajibu maswali yote manne kwa ukweli, na anaweza kumweleza mgonjwa jambo la tano ambalo ni nadra kuulizwa: kwa nini asichelewe.

Neno moja, mizigo miwili

Sehemu ya hofu inatokana na lugha. Katika Kiswahili, mionzi ni ile ya jua inayokausha mpunga uliotandazwa jamvini, na mionzi pia ni ile ya eksirei na ya tiba ya saratani. Anayeambiwa kwamba jicho lake “litapigwa mionzi” ana haki ya kuifikiria wodi ya saratani, kwa sababu hilo ndilo neno alilolisikia huko. Mhudumu anayelitumia bila kulifafanua huwa amempa mgonjwa mzigo ambao tiba hiyo haina.

Leza inayotumika kutibu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, mara nyingi ni mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 532. Ni mwanga unaoonekana, ndugu wa mwanga wa taa. Fotoni, yaani chembe ndogo kabisa ya mwanga, moja ya rangi hiyo hubeba nishati ya takriban elektronivolti 2.3. Fotoni ya eksirei ya hospitalini hubeba makumi ya maelfu. Kuing’oa elektroni kutoka kwenye molekuli za mwili huhitaji nishati ya karibu elektronivolti 10. Kwa hiyo fotoni ya kijani haina nguvu ya kuvunja vinasaba kwa njia ambayo eksirei inaweza kuvivunja. Kinachobaki baada ya kufyonzwa kwake ni joto. Joto hilo likielekezwa mahali pake huwa tiba, na likikosea njia huunguza. Hatari ya leza ni hatari ya moto, na tahadhari zake ni zile zinazoufaa moto.

Ndani ya mashine

Mwaka 1916 Albert Einstein alilitazama swali lililoonekana dogo: atomu na mwanga hubadilishanaje nishati? Alionyesha kwamba kuna njia tatu. Ya kwanza ni ufyonzaji: atomu iliyo katika ngazi ya chini ya nishati huimeza fotoni na kupanda ngazi. Ya pili ni utoaji wa hiari: atomu iliyo juu hushuka yenyewe, ikatoa fotoni kuelekea upande wowote, kama inavyotokea katika taa za kawaida. Ya tatu ndiyo iliyokuja kuizaa leza, nayo ni utoaji wa kuchochewa: fotoni inapoipitia atomu iliyo juu, huichochea ishuke na kutoa fotoni ya pili, yenye rangi ile ile, inayokwenda upande ule ule na kwa mwendo ule ule. Moja imekuwa mbili.

Jambo la kustaajabisha katika kazi ya Einstein ni usawa wake. Uwezekano wa atomu iliyo chini kufyonza fotoni, na uwezekano wa atomu iliyo juu kuchochewa kutoa nyingine, ni mmoja ikiwa ngazi hizo mbili ni sahili. Kasi ya ufyonzaji hutegemea uwezekano huo, wingi wa mwanga, na idadi ya atomu zilizo chini. Kasi ya utoaji wa kuchochewa hutegemea mambo yale yale, isipokuwa idadi inayohesabiwa ni ya atomu zilizo juu. Kwa hiyo mshindi huamuliwa na idadi. Walio chini wakiwa wengi, mwanga hufifia. Pande mbili zikilingana, mwanga hutoka kama ulivyoingia. Walio juu wakiwa wengi, mwanga hukua.

Katika maumbile, walio chini ndio wengi, tena kwa wingi usio na mfano. Kwa ngazi zinazotenganishwa na nishati ya mwanga unaoonekana, katika joto la kawaida la chumba haipatikani hata atomu moja iliyo juu kati ya bilioni moja mara bilioni moja. Ndiyo maana vitu vinavyotuzunguka hupunguza mwanga na havikuzi.

Wala haitoshi kuzimulika atomu kwa taa kali ili zipande. Chukua mfano wa daladala yenye mlango mmoja na konda asiyetazama: aliye nje humwingiza, aliye ndani humtoa, kwa wepesi ule ule. Hata akihangaika kutwa, hataweza kuingiza zaidi ya nusu ya abiria, kwa sababu wakifika nusu, wanaoingia na wanaotoka huwa sawa. Mwanga unaopandisha atomu ndio unaozishusha. Atomu yenye ngazi mbili tu haiwezi kufanywa leza kwa kumulikwa.

Wanafizikia walilitatua tatizo hilo kwa kutumia mlango wa pili. Katika fuwele yenye neodimi, ambayo ni chanzo cha mashine nyingi za mwanga wa kijani, atomu hupandishwa hadi ngazi ya juu kabisa kwa mwanga wa nanomita 808 hivi. Kutoka hapo huteremka upesi hadi ngazi inayofuata, ambako hukawia kidogo, kama sehemu mia mbili na zaidi za milioni ya sekunde. Kwa atomu, huo ni muda mrefu. Chini ya ngazi hiyo ipo nyingine iliyo karibu tupu, kwa sababu kila atomu inayofika huko huondoka mara moja. Hapo idadi imepinduliwa: walio juu ni wengi kuliko walio chini. Fotoni ya kwanza ikipita huzaa ya pili, hizo mbili huzaa nne, na vioo viwili vilivyowekwa huku na huku huurudisha mwanga upite tena na tena, huku kimoja kikiruhusu sehemu ndogo itoke. Mwanga huo ni wa nanomita 1,064, usioonekana. Fuwele nyingine huugeuza kuwa wa 532, yaani kijani.

Haya hayakubaki katika vitabu. Tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu, California, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza, iliyotumia fuwele ya rubi na kutoa mwanga mwekundu. Desemba 1961, miezi 19 baadaye, madaktari wa New York waliitumia leza ya rubi kutibu uvimbe katika retina ya mgonjwa. Jicho lilikuwa miongoni mwa viungo vya kwanza vya binadamu kunufaika na ugunduzi huo, na sababu yake ni ufyonzaji.

Ndani ya jicho

Ndani ya mashine, ufyonzaji ni kizuizi kinachopaswa kushindwa. Ndani ya jicho, ufyonzaji ndio tiba. Konea, lenzi na ute wa ndani huupitisha mwanga wa kijani pasipo kuufyonza sana. Mwanga unapofika nyuma hukutana na tabaka lenye melanini, rangi ile ile inayoipa ngozi weusi wake, na hukutana na himoglobini ya damu. Vitu hivyo viwili huufyonza mwanga wa kijani kwa nguvu. Joto hupanda mahali hapo tu, na sehemu ndogo ya tishu hugandishwa. Daktari ameipita milango ya mbele ya jicho bila kuikata, akafanya kazi chumba cha nyuma.

Hapo yanapatikana majibu ya maswali mawili. Je, leza itabaki mwilini? Haitabaki. Fotoni ikishafyonzwa imekwisha. Nishati yake imekuwa joto, na joto hutawanyika. Katika tishu za mwili, molekuli karibu zote ziko ngazi ya chini, kwa hiyo mwanga ukiingia unaweza kupungua tu, hauwezi kukua wala kujizalisha. Mashine ikizimwa, hakuna kinachoendelea kuwaka ndani ya mtu.

Je, itanipofusha? Hapa jibu linahitaji kueleza ugonjwa. Sukari inapokuwa juu kwa miaka, mishipa midogo ya retina huziba. Sehemu zenye njaa ya oksijeni hutoa kemikali zinazochochea mishipa mipya kuota, na mishipa hiyo ni dhaifu, huvuja na kupasuka. Leza huelekezwa pembezoni mwa retina, mbali na kitovu cha kuonea. Kwa utaratibu uliozoeleka, alama 1,200 hadi 1,600 huwekwa, kila moja ikiwa na upana wa nusu milimita hivi na ikichukua sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sehemu zilizogandishwa haziombi tena oksijeni, kemikali hupungua, na mishipa mibovu hunyauka. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 1,700, ambao matokeo yake ya kwanza yalitangazwa mwaka 1976, ulionyesha kwamba tiba hiyo hupunguza hatari ya upofu mkali kwa nusu au zaidi.

Ukweli ambao haupaswi kufichwa

Swali la nne, kama mgonjwa ataona kama zamani, ndilo linalokwepwa zaidi, na kulikwepa ndiko kunakoleta uvumi. Leza ya retina kwa kawaida hairudishi nuru iliyokwisha kupotea. Kazi yake ni kulinda iliyobaki. Tena ina gharama: uoni wa pembeni unaweza kupungua, kuona gizani kunaweza kuwa kugumu zaidi, na wengine huhisi maumivu wakati wa tiba. Kwa siku chache baada ya tiba, uoni unaweza kuwa na ukungu. Asiyeambiwa haya mapema atayaona kuwa ni madhara ya uzembe, na akirudi kijijini atakuwa shahidi wa kwanza dhidi ya leza. Aliyeambiwa atayatambua kuwa ni bei ya kuyaokoa macho, na atasubiri kwa subira.

Yule mtu “aliyechomwa leza akapofuka” anayetajwa na majirani huenda yupo kweli. Mara nyingi lakini ni mgonjwa aliyefika akiwa amechelewa, ugonjwa ukaendelea mbele ya tiba. Hapo ndipo fizikia ya ufyonzaji inapogeuka kuwa onyo.

Himoglobini huufyonza mwanga wa kijani. Damu ikiwa ndani ya mishipa ya retina, jambo hilo humsaidia daktari. Lakini mishipa mibovu ikipasuka, damu humwagika katika ute uliopo kati ya lenzi na retina. Mwanga wa leza utafyonzwa na damu hiyo kabla haujafika unakokwenda. Njia imefungwa na kitu kile kile ambacho tiba ilikusudia kukizuia. Daktari anaweza kusubiri damu ipungue, au mgonjwa apelekwe kwa upasuaji wa kuuondoa ute, ambao ni mgumu zaidi, wa gharama zaidi, na hupatikana katika hospitali chache zaidi. Mtoto wa jicho uliokomaa nao huutawanya mwanga na kuidhoofisha tiba. Mgonjwa anayesema “nitakuja nikianza kuona vibaya” anaahidi kuja wakati mlango unapofungwa. Retina ya kisukari inaweza kuharibika sana huku mwenyewe akiona vizuri; ndiyo maana uchunguzi wa macho kila mwaka haupaswi kungoja dalili.

Hoja za wanaopinga

Watakuwapo watakaosema kwamba mgonjwa haji hospitalini kusomeshwa fizikia, na kwamba foleni haiachi nafasi ya mihadhara. Hoja ya muda ni ya haki, lakini muda unaohitajika ni mfupi. Sentensi chache zatosha: “Huu ni mwanga, sio mionzi ile ya eksirei. Unapita mbele ya jicho, unafyonzwa nyuma na kuwa joto, kisha umekwisha. Hautarudisha ulichopoteza, unalinda ulichonacho. Ukichelewa hadi damu imwagike ndani, mwanga hautapita.” Hayo husemwa kwa muda usiozidi dakika moja, na dakika hiyo ni ndogo kuliko muda unaopotea kwa kumtafuta mgonjwa aliyetoroka.

Wengine watasema kwamba ukweli mwingi huongeza hofu. Hofu ya kitu kinachojulikana hupimika na kupungua. Ile ya kisichojulikana hukua kila inaposimuliwa. Isitoshe, idhini iliyotolewa bila kuelewa si idhini kamili, hata kama sahihi ipo kwenye fomu.

Wapo pia watakaosema kwamba zama za leza zimepita, kwa kuwa sasa kuna sindano za dawa zinazodungwa ndani ya jicho. Sindano hizo ni hatua kubwa, hasa kwa uvimbe wa katikati ya retina. Lakini hudungwa mara kwa mara, na nguvu yake hudumu maadamu mgonjwa anarudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka Marekani uliwatazama wagonjwa wa hatua ya juu ya ugonjwa huu waliopotea kliniki kwa zaidi ya miezi 6: waliokuwa wamedungwa sindano pekee walikutwa katika hali mbaya kuliko waliokuwa wametibiwa kwa leza. Kwa mtu anayesafiri siku nzima kuifikia hospitali na asiye na hakika ya nauli ya mwezi ujao, tofauti hiyo ina uzito wake.

Elimu hii inamlinda mhudumu pia

Fizikia hii haiwahusu wagonjwa peke yao. Leza nyingi za tiba ya macho na ngozi ziko katika daraja la 4, la juu kabisa kwa hatari, na hata mwanga uliorudishwa na kifaa king’aacho unaweza kudhuru jicho la aliyesimama pembeni. Miwani ya kinga hufanya kazi kwa kuzuia urefu maalumu wa wimbi. Miwani ya plastiki angavu inayoweza kuzuia leza ya hewa ya kaboni, ya nanomita 10,600, huuachia mwanga wa kijani upite kama dirisha. Kuokota miwani yoyote iliyo mezani ni kujidanganya. Kinachopaswa kusomwa ni namba iliyoandikwa juu yake, ilingane na ya mashine.

Vivyo hivyo, mtu mwenye melanini nyingi hufyonza zaidi. Nguvu iliyomfaa mgonjwa wa jana inaweza kumuunguza wa leo. Mtaalamu mwangalifu huanza na nguvu ndogo na kuipandisha taratibu hadi aone alama aitakayo. Katika tiba za ngozi jambo hili lina uzito mkubwa kwa Waafrika: mipangilio iliyotayarishwa kwa ngozi nyeupe inaweza kuacha makovu kwenye ngozi nyeusi, na ndiyo sababu mawimbi marefu kama ya nanomita 1,064, ambayo melanini huyafyonza kidogo, huchaguliwa mara nyingi.

Yapasayo kufanywa

Mambo matatu yako ndani ya uwezo wa vyuo na hospitali bila kusubiri mashine mpya. Kwanza, mafunzo ya wauguzi, matabibu na wataalamu wa macho yaufundishe ufyonzaji wa mwanga kwa Kiswahili pia, kwa kuwa mhudumu anayeelewa jambo kwa lugha moja tu hushindwa kulieleza kwa nyingine. Pili, fomu za idhini ya tiba ya leza ziandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, zitaje faida na gharama zake, na neno “mwanga wa leza” litumike badala ya “mionzi” lililoachwa wazi. Tatu, kliniki za kisukari zisiwaachie wataalamu wa macho kazi yote ya kueleza; mgonjwa asikie habari za leza kwa muuguzi anayempima sukari, kabla hajaihitaji.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Aulize, na asikubali kutoka chumbani na neno moja. Aulize ni jicho gani litatibiwa, mara ngapi, atapoteza nini na atalinda nini, na arudi lini. Kisha arudi siku hiyo, maadamu ute wa jicho lake bado ni safi na mwanga una njia ya kupita.